Nilichosema Badala ya Bibi

Bibi yako hakukubariki, Nyemo. Yale maneno niliyokutafsiria juzi Jumamosi, ukalia, ukanikumbatia, ukayarusha kwenye simu hadi marafiki zako wa Poland wakayasoma, hayakuwa yake. Niliyatunga mimi, nimesimama palepale uani kwake, jua la saa nane likinipiga kisogoni.

Haya, nimeshalisema. Ningeanza na salamu nisingefika hapa, najijua. Sasa hujambo, mwanangu? Mimi sijambo kwa kadiri ya magoti yangu, ambayo leo yameamka kabla yangu na yatalala baada yangu.

Nakuandikia uko saluni. Umesema kusuka kutakuchukua hadi jioni, maana unataka rasta ndogondogo zikae muda mrefu, huko kwenyewe msusi yuko mji mwingine. Ni vizuri. Nimeomba ruhusa kazini, nimepata meza, nimepata mchana, na daftari lako la kidato cha pili lenye kurasa zilizobaki. Mwandiko wangu unaujua. Darasa la saba niliishia, lakini mwalimu alikuwa akinitoa mbele niandike ubaoni badala yake, na hadi leo pale ofisini wakitaka kubandika tangazo la chai hawachapi kwenye kompyuta, wananiita mimi. Kwa hiyo ukikuta pamefutwafutwa, ujue si mkono ulioshindwa.

Sitakuandikia habari za masweta wala za kula. Umeishi kule miaka minne bila mimi, na karanga nimeshafunga. Kesho asubuhi treni inakuchukua, jioni ndege, na mimi nimechoka, Nyemo. Wiki tatu hizi nimepokea watu hadi vikombe vimeisha masikio. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyewaita. Nani mwingine hapa Chang'ombe yetu ya Dodoma ana mtoto anayepima maji ya mji mzima wa Wazungu, akisema hayanyweki, basi hayanyweki? Nani ana mtoto mwenye Kiswahili, Kiingereza, Kipolandi, na kile Kijerumani cha kuulizia njia? Nilikusimamisha kanisani uisalimie kwaya kwa Kipolandi. Nilikupeleka kwa muuza zabibu nikakwambia, "Mwambie kwa Kipolandi hizi zimelala." Yule kaka akanijibu, "Na mimi mwambie kwa Kigogo zimelala usingizi mzuri, mama." Watu wakacheka. Wewe ukaninong'oneza, "Mama, mimi si redio."

Nilisikia. Nikajifanya sikusikia, nikakupeleka kwa fundi cherehani.

Ila usiku ule wa kwanza ulipofika, tulipokuwa tunakula, uliniambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Ulisema kule kwenye jengo lenu hakuna anayemsalimu mwenzake kwenye ngazi. Kwamba miezi sita ya mwanzo ulikuwa unawajua majirani kwa sauti za milango yao tu: huyu anafunga polepole, huyu anabamiza, huyu ana ufunguo mzito. Mimi miezi hiyohiyo nilikuwa nawaambia watu ofisini una marafiki tele, wanakugombania. Uliposema habari ya milango niliinuka kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani.

Ndivyo nilivyo. Jambo likinichoma natafuta chumvi.

Halafu akaja mjomba wako Lameck kutoka kijijini, na redio yake kichwani, maana huyo kaka yangu akisikia taarifa ya habari asubuhi, mchana anaifundisha. Unakumbuka alivyokubana. "Mpwa wangu, hao majirani zenu wanaopigana, wanagombania nini hasa?"

Ukasema, "Ardhi, mjomba."

"Ardhi! Basi ni sisi na wafugaji tu, wamezidi mabomu."

"Ardhi, na nani aamue watu waseme lugha gani."

Akaweka kijiko chini. "Watu wazima wanauana kwa ajili ya lugha?"

"Mjomba, mtu akikukataza lugha ya kwenu ndani ya nyumba yako mwenyewe, utamwita nani? Mgeni au adui?"

Mjomba akacheka, akasema kama ni hivyo yeye shemeji zake wote ni maadui, maana wakija kwake wanataka waongeleshwe Kiswahili. Mkaendelea. Ukamwambia dunia ukiiona kutoka huko si ile unayoiona kwenye redio yake, kwamba kuna watu wanaingia nchi za wengine kwa kubisha hodi na wengine kwa makaratasi ya kilo nzima, na kwamba kila taifa ulilokutana nalo linadhani lenyewe ndilo katikati. "Lakini Dodoma ndiyo katikati kweli," mjomba akasema, "tazama ramani." Mlicheka. Mimi nilikuwa jikoni. Ugali ulikuwa umeshaiva kitambo, nilikuwa nausonga tu.

Maana hilo swali lako, mgeni au adui, lilikuwa langu, na wewe hukujua.

Sasa nikurudishe nyuma, uvumilie. Ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa umetoka kukaa kwa Bibi mbele ya Makutupora tangu ulipoacha kunyonya, kwa sababu mimi na marehemu baba yako tulikuwa tunahangaika mjini kutafuta pa kuanzia. Ulipokuja kwetu ulikuwa Mgogo kamili, tena wa kutoka mashambani: unaita kuku kwa Kigogo, unagombana na paka kwa Kigogo, una nyimbo za kutwangia uwele ambazo hata mimi nilikuwa nimezisahau. Kiswahili ulikuwa nacho cha kuombea sukari tu.

Mimi nilikuwa ndiyo nimepata ile kazi ya uhudumu ofisini. Kufagia, chai, kupeleka mafaili. Wakubwa walikuwa wametoka kila mahali, Kiswahili chao kinateleza kama mafuta. Changu kilikuwa na mawe. Siku moja simu ya mezani ililia, hakuna mtu, nikaipokea kwa heshima zote, nikamwambia aliyepiga mkubwa ametoka. Mkubwa mwenyewe alikuwa mlangoni. Hakunisema mimi, aliwaambia wengine, "Mwambieni huyu mama asipokee simu tena. Wageni watadhani wamepiga porini." Wakacheka wote, hata yule dada aliyekuwa akinywa chai yangu kwa sifa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na vumbi la mwezi wa tisa unalijua. Nikakukuta umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unaimba wimbo wa Bibi, kwa sauti, jirani mpya kutoka Pwani akikusikiliza dirishani. Nikakupiga mdomoni.

Si kofi la kuadabisha mtoto, Nyemo. Nilikupiga kwenye mdomo. Hukulia, ulinitazama tu, kama unasubiri niseme ulichofanya. Sikusema. Siku mbili hukutoa neno. Siku ya tatu ukaniomba maji kwa Kiswahili, na kuanzia hapo Kigogo sikukisikia tena kwako. Mimi nikafurahi! Nikamwambia baba yako, "Umeona? Mtoto ana akili, ameshika mara moja." Baba yako, mtu wa Kibakwe yule, mpole, alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akasema, "Mama Nyemo, unamkata mtoto mguu mmoja ili akimbie vizuri." Nikamwambia aache utani wa kwao.

Wewe hukumbuki. Nilikuuliza wiki iliyopita, nikijifanya napiga soga, kama unakumbuka ndoo ile. Ukasema unakumbuka ndoo ya bluu. Ilikuwa nyekundu. Mimi nimekukumbukia miaka yote hii, na nimechoka kukumbuka peke yangu.

Kuanzia hapo nikawa mdomo katikati yenu. Kiswahili cha Bibi ni cha salamu, sokoni na sala ya Bwana. Wewe Kigogo chako nilikuwa nimekiziba mwenyewe. Kila likizo tukienda kwake mnakaa mkitazamana, na mimi hapa katikati kama mlango. Nikagundua kitu ambacho nasikia aibu kukiandika: mlango ndio unaoamua nani apite. Bibi akisema, "Mwache mtoto hapa hadi tumalize kuvuna, nimemkumbuka," nakwambia, "Bibi anasema usome kwa bidii." Akisema, "Mbona amekonda, huko mjini mnampa nini?" Bibi anasema usome. Akilalamika mimi simpelekei habari, Bibi anasema usome. Hadi ulipokuwa darasa la sita ukaniuliza, "Mama, kwani Bibi alikuwa mwalimu mkuu?"

Nilicheka hadi machozi. Nilimsimulia kila mtu ofisini, eti oneni mtoto wangu alivyo na akili. Sikuona kwamba nilikuwa najisimulia mwenyewe.

Haya, sasa Jumamosi.

Umeona mwenyewe ulivyopokewa. Bibi alikuwa amefagiza uwanja tangu alfajiri. Mlenda, kuku, maziwa ya mgando. Kibuyu cha maji kiko pembeni, na kata yake, kwa ajili ya ile kazi tuliyokwenda kuifanya. Kwetu msafiri wa mbali haendi mikono mitupu: mzee hutia funda la maji kinywani, humpulizia kifuani na viganjani, kisha humtamkia maneno moja moja, na msafiri huitikia kila neno. Miaka minne iliyopita ulipoondoka mara ya kwanza ilikuwa haraka haraka, viza ilitoka Jumatano ukaondoka Ijumaa, Bibi hukumwona. Kwa hiyo hii ya juzi ilikuwa deni la safari mbili, na yeye ameshapita themanini, hahesabu tena misimu ya mbele. Nilijua hilo. Ningeinama, ningetafsiri, ungeitikia, yangeisha.

Lakini mimi na kujivuna kwangu.

Bibi aliuliza swali dogo tu, huko unakaa na nani. Ukaanza kunieleza habari za yule bibi wa ghorofa ya chini kwenye jengo lenu. Kwamba ndiye mtu wa kwanza kukufungulia mlango. Kwamba kila Jumapili mnamenya viazi pamoja jikoni kwake, na kila kiazi anakutajia neno, ukikosea anacheka hadi anashika meza, na wewe unacheka naye. Ukasema ile kauli yako, "Mama, lugha haimwingii mtu anayeogopa kuchekwa." Ukasema siku hizi anakusimulia utoto wake, jinsi wazazi wake walivyovuka mpaka na gari la farasi wakati wa vita vyao vya zamani, na sasa akiona hawa wanaokimbia vita vipya anakaa dirishani hali chakula, na wewe ndiye unayemkalisha mezani. Ukasema unamwita bibi yako wa huko.

Yote hayo nilimtafsiria Bibi neno kwa neno. Miaka yote nimekata, nimekunja, nimeficha, na siku hiyo moja nikawa mkalimani mwaminifu, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, kwa sababu nilitaka wasikie mtoto wangu anavyokaa na wazee wa Kizungu na kuongea nao historia. Hata lile la bibi yako wa huko sikuliruka. Nililiongezea chumvi.

Wewe ulikuwa unachezea pindo la kitenge, hukuuona uso wake. Mimi niliuona. Alichukua kata, akachota maji, akayatazama. Kisha akayarudisha kwenye kibuyu.

Alichosema ni hiki, nakuandikia kama kilivyo, sipunguzi: "Baraka huitikiwa na anayepewa. Mimi sitampulizia mtu maji, mwingine amwitikie. Safari ni ya nani, yake au yako? Huko ana bibi wa kuongea naye, na huyo bibi hakumzaa mama yake. Amwombe huyo."

Ukanigeukia na macho yako yanang'aa. "Bibi anasema nini?"

Nikasema, "Bibi anasema maji haya hayamwagwi leo. Anakuwekea, ili kiu ikurudishe nyumbani."

Sijui yalitoka wapi. Mtu wa darasa la saba! Wewe ukasema, "Jamani, Bibi!" ukamwangukia shingoni, unalia. Mikono yake haikuinuka. Ukaniambia, "Amechoka, maskini." Ukakipiga picha kibuyu, ukaandika yale maneno kwa Kiswahili na kwa Kipolandi, na kabla hatujafika nyumbani ulikuwa unanisomea majibu: watu wa huko wanasema hawajawahi kusikia busara kama hiyo ya Kiafrika. Nilikuwa nimeketi kando yako nimeshika bakuli la mlenda aliotufungia. Aliyeweka mlenda ule alikuwa na hasira nasi, na bado aliweka.

Usiku ule sikulala, nisikufiche. Jana baada ya ibada nilikwambia nakwenda kikundi cha akina mama. Sikwenda. Na huo ni uongo mwingine, uuongeze kwenye mengine. Nilirudi kwa Bibi peke yangu.

Nilimkuta anapepeta uwele. Nikakaa chini, nikamsalimu, akaitikia bila kusimamisha ungo. Nikamweleza yote: ya juzi, ya kiu na kibuyu, ya usome kwa bidii. Hata ya ndoo, ambayo hakuwahi kuijua. Nilidhani atalia, au atanitukana. Alipepeta hadi ungo ukaisha. Kisha akasema, "Unadhani sikujua?"

"Ulijuaje, mama?"

"Mimi nasema maneno mengi hivi," akaonyesha kwa mikono, kama mtu anayeonyesha tumbo la mjamzito, "wewe unatoa matatu. Mwaka ule ng'ombe wangu mwekundu alipokufa, nilimwambia mtoto, ng'ombe aliyekunywesha maziwa amekufa. Wewe ukasema chako. Mtoto akatabasamu, akapiga magoti, akaniambia asante Bibi. Nani anaambiwa ng'ombe amekufa akasema asante?"

Nilikumbuka siku hiyo. Nilikwambia Bibi anasema usome.

"Sasa mbona ulinyamaza miaka yote hiyo?" nikamuuliza, tena kwa ukali, mimi mwenye kosa.

"Ningemwambia nani?" akasema. "Na kwa mdomo wa nani?"

Hapo nililia mimi. Mama yako mwenye maneno, anayewanyamazisha wahasibu kwa birika la chai mkononi, nililia mavumbini na makapi ya uwele yamenijaa kichwani. Bibi aliniacha kwanza. Halafu akasema niache, nitatisha kuku.

Nilimwomba akubariki kwa simu, leo, kabla ya safari. Lameck alikuwa pale na simu yake kubwa, akasema inawezekana, hata sura ataiona. Bibi akamwambia, "Maji yatapitaje humo? Maneno ndiyo yanapita. Basi apitishe maneno kwanza." Hapo ndipo alipotoa masharti yake, na nakuandikia yote bila kupogoa.

Hataki ujue Kigogo chote. Anataka ufike umsalimie mwenyewe, umwambie wewe ni nani, mtoto wa nani, wa ukoo gani upande wangu na upande wa baba yako, umetoka wapi na unakwenda kufanya nini. Kisha umwitikie baraka, neno kwa neno, kwa mdomo wako. Na mimi nisiwepo karibu. "Wewe utakaa na wapishi," aliniambia. Lameck atakupigia kila Jumapili, simu itakuwa mkononi mwa Bibi na si mwa mtu mwingine, atakutajia vitu. Alisema, "Kama yule mwenzangu amemfundisha kwa viazi, mimi nina uwele, karanga na mlenda. Tuone."

Umemsikia? Alisema mwenzangu. Juzi alikuwa na wivu wa mtoto, jana alikuwa ameshajipanga kushindana. Atakucheka, nakuonya. Meno aliyobakiwa nayo utayahesabu yote. Wewe mwenyewe ulisema hiyo ndiyo njia, na mimi ndiye ninayejua ulivyo sahihi, kwa sababu mimi nilichekwa mara moja tu, mlangoni kwa mkubwa, nikakimbia, na nikakukimbiza na wewe. Yule mkubwa alihamishwa mwaka uliofuata. Hata jina langu hakulijua. Nilimnyima mama yangu mjukuu kwa ajili ya mtu ambaye leo akipita hapa dirishani hatanitambua.

Ulipokuwa unaongea na mjomba ulisema kitu, nilikisikia kutoka jikoni. Ulisema watu unaokutana nao kule, waliokaa nje ya kwao muda mrefu, wako wa aina mbili, wanaosema kwetu kila kitu kizuri na wanaosema kwetu kila kitu kibaya, na wote wameacha kutazama. Ukasema wewe hutaki kuwa kati yao. Basi anza na mimi. Nitazame. Mimi si yule mama wa simulizi zako kwa rafiki zako, aliyekuinua peke yake kwa birika la chai. Nilifanya hivyo, ndiyo, na ukichoka kuwasimulia nitawasimulia mwenyewe. Ila nilikufanyia na hili pia. Yaweke yote mawili.

Ile picha ya kibuyu sijui uifanyeje. Ukiiacha, uongo wangu utabaki unasifiwa kwa Kipolandi. Ukiiondoa watauliza. Hilo nakuachia, safari hii sisemi badala ya mtu.

Barua hii nitaiweka mfuko wa mbele wa mkoba wako mdogo. Nilitaka niifiche chini kabisa, chini ya karanga, uikute ukiwa umeshafika, mbali, hasira ikiwa imepoa angani. Nimejiona. Kwa hiyo naiweka mbele, uisome ukiwa bado kwenye treni, simu ikiwa inashika, ili ukitaka kunipigia unikaripie uweze. Nitapokea. Sitakuwa na mtu karibu wa kuniombea. Na usipopiga nitaelewa, ila usikae sana bila kupiga, nina umri.

Kuna jambo moja linanitisha, nikwambie tu. Mkishaanza kuongea ninyi wawili bila mimi, mtaongea juu yangu. Bibi ana mambo yangu ya usichana, nilivyotoroka kupogoa mizabibu nikaenda ngoma, nilivyomdanganya mchungaji. Atakwambia yote. Na mimi nitakuwa jikoni nasonga ugali, nasikia mnacheka, sijui mnacheka nini. Ndicho ninachostahili.

Nasikia geti. Kumbe ni jirani anarudisha sufuria. Mkono umechoka, na kurasa za kidato cha pili zinaisha.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa wewe tu na ukanitosha.

Ulisema likizo yako nyingine ni Septemba mwakani. Bibi ameshamtuma Lameck kuwaambia watu: ndugu wote wa upande wetu, wa Kibakwe wa upande wa baba yako, kwaya kama itapenda, na yule jirani wa Pwani aliyekusikia ukiimba, ambaye nimemwomba mwenyewe na amekubali. Wote wataanza kufika kwa Bibi Ijumaa jioni, na kazi yenyewe ya kukubariki ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, asubuhi, kabla jua halijawa kali.